Dar Bila Gesti

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Wambaa, Pemba. Joto. Umeme umekatika tangu asubuhi, na kibanda cha kuchaji simu bila umeme ni kibanda tu. Nimekaa ndani yake kwa heshima ya biashara.

Baada ya laasiri Mzee Silima amezungumza barazani mbele ya watu wote. Amesema Ruweida ni mtoto wa marehemu kaka yake, amemlea yeye, na siku hizi kuna vijana wanapitapita mbele ya nyumba kama watu waliopotelewa na mbuzi. Basi wajue. Neno la Ruweida haliko kwake peke yake, liko kwa dada yake, Bi Mwanapili, aliyeko Dar, Magomeni. Shangazi akiridhika na mtu, yeye atafungua mlango. Asiporidhika, hata mtu aje na ngoma na tarumbeta, hapati kitu. Majina hakutaja. Sote tuliangalia chini.

Vijana wenyewe ni wawili. Mimi na Talib. Talib ana bodaboda na miwani ya jua anayoivua msikitini tu, tena kwa shida. Aliwahi kuishi Dar, na hapiti mtu bila kukumbushwa. Amenong'ona, kwa sauti ya kufika kijiji cha Chokocho, kwamba yeye atakwenda mwenyewe kwa shangazi wiki hii hii.

Mimi siwezi kwenda. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: naogopa bahari. Mtoto wa Wambaa, mjukuu wa wavuvi, nikipanda hata mtumbwi wa kuvukia natapika. Mara ya mwisho walinishusha kwa kunibeba, na aliyenibeba alikuwa mwanamke. Boti ya Dar ni kutwa nzima. Nitafika maiti, na maiti haozeshwi.

Lakini Ruweida! Jana alileta simu kuchaji, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akatoa maandazi mkobani, akayaweka juu ya meza, akaondoka zake. Hakuna mtu mwingine kisiwa hiki anayeujua uongo wangu kwa kuutazama tu. Nataka kuishi na mtu huyo mpaka nife.

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata! Nimepata nikiwa natia udhu, nikasahau nimefika kiungo gani, nikaanza upya.

Watu wa hapa wanakwenda Dar kila wakati. Matibabu, nguo, mtoto yuko chuo. Na kila anayekwenda akirudi analalamikia gesti: ghali, kunguni, shuka fupi. Sawa. Mimi nitawashauri namna ya kwenda Dar kwa gharama ndogo. Watalala bure, kwa jamaa. Na jamaa mwenyewe ni Bi Mwanapili! Watafika kwake na salamu zangu, na kifurushi changu, na maneno mazuri juu yangu. Wao wanaokoa gesti, mimi napata sifa, bahari naitazama kutoka nchi kavu. Kila upande unafaidika. Upande wa Bi Mwanapili sijaufikiria sana, lakini mtu anayeishi peke yake lazima anapenda wageni.

Nimefungua kundi la WhatsApp. Dar Bila Gesti. Mimi mwenyewe naitwa Safari, tangazo nililopewa na wazazi siku ya akika.

Nimerekodi mashauri ya mwanzo. Kula chakula chako kabla boti haijatoka Mkoani, kwani baadaye hutaweza kukitunza. Ukishuka bandarini Dar, usimwitikie anayekuita ndugu yangu wa Zanzibar. Tembea umekunja uso kama mtu anayekwenda kudai, wezi watakupisha. Dereva wa teksi akikung'ang'ania, mwambie unamsubiri kaka yako askari. Kariakoo taja nusu ya bei kisha geuka uondoke, utaitwa.

Haya nimeyakusanya kwa watu na kwenye video. Dar sijafika. Talib kaingia kundini akaniuliza, mbele ya kadamnasi, basi la mwendokasi linasimama upande gani wa barabara. Nikamjibu inategemea siku. Akaandika: katikati. Nikamtoa kundini.

Jumanne, 6 Agosti

Mteja wa kwanza, na mteja gani! Mzee Haroub. Anakwenda kutazamwa jicho. Mtu wa safu ya mbele msikitini, hajawahi kusikika akisema uongo hata juu ya umri wake. Sifa ikitoka kinywani mwake ni kama imepigwa muhuri.

Akauliza, huyo Bi Mwanapili ana ujamaa gani naye? Nikamwambia akae kitako tuutafute. Hapa kwetu ujamaa haukosekani. Unaanza na bibi, unapita Chokocho, unavuka watu wawili waliooana wakaachana, umefika. Ikatokea kwamba bibi yake yeye na bibi yake Bi Mwanapili walichota maji kisima kimoja, na mmoja akaja kuolewa na aliyekuwa mume wa mwenziwe. Mzee Haroub akafurahi sana. Akasema kumbe ana dada Magomeni, na kwa nini miaka yote hii hakuambiwa.

Nimempa kifurushi: pweza mkavu, nimemkausha mwenyewe. Nimempa na maneno. Aseme nimetumwa na Safari wa Wambaa, anakusalimu sana. Kijana mzima, ana biashara yake, anaswali, hana mke. Nikayarudia naye mpaka yakamkaa. Akauliza, ndiyo hayo tu, hakuna jambo nyuma yake? Nikasema jambo lipo, lakini halitajwi sasa. Kwanza ajulikane mtu. Akanitazama kwa lile jicho zima, akatabasamu, akasema amefahamu, yeye si mtoto mdogo.

Ruweida sikumtaja kabisa. Jina la mtoto wa watu halitembezwi kwenye maboti kabla ya posa. Talib angelitangaza pale bandarini kwa spika. Mimi nina adabu zangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mzee Haroub amepiga simu. Kafika salama. Shauri la teksi halikwenda sawasawa: alimwambia dereva anamsubiri kaka yake askari, dereva akaona ni vyema amsubiri naye, amsalimie. Wamesubiri pamoja mpaka isha. Sikuwa nimetabiri kwamba Dar kuna watu wema.

Lakini mapokezi! Bi Mwanapili amempa kitanda chake, amempikia samaki wa kupaka, anamtia dawa ya jicho kwa mkono wake. Na amehoji habari zangu. Mama yangu ni nani. Nina hasira? Nina deni? Napenda chai ya tangawizi au ya mdalasini? Mzee Haroub hilo la tangawizi hakulijua, ndiyo sababu ya simu. Nikasema tangawizi. Shangazi anayefika mpaka kwenye tangawizi huyo anapima kwa makini! Na aliposikia sina mke, anasema Mzee Haroub, alijitengeneza ushungi. Mwanamke mwenye haya zake. Ruweida amerithi huko.

Wateja wa pili wamekuja wenyewe: Masoud na mkewe Samiha, wanakwenda Kariakoo kununua mapazia. Ujamaa wao ulikuwa mgumu kidogo, ikabidi nipite kwenye maziwa: shangazi yake Samiha na binamu yake Bi Mwanapili walinyonya kwa mama mmoja. Nani atabisha?

Kifurushi cha pili lazima kizidi cha kwanza. Nimetia halua. Nimetia udi. Nimetia doti ya kanga, nyekundu, nzuri. Mama alikuwa shamba, sikumsumbua kwa kumuuliza. Samiha nimemfundisha maneno ya mwanamke kwa mwanamke: kwamba mimi ni mvumilivu, sina makelele, na kwa kweli napenda zaidi kukaa na watu walionizidi umri kuliko vijana. Shangazi yeyote atapenda kusikia hivyo. Samiha akainua nyusi, akasema kila mtu na riziki yake.

Jumamosi, 10 Agosti

Talib aliondoka jana na shati jipya. Nilimwombea mawimbi, kisha nikatubu, maana botini wamo na watu wengine.

Leo simu ya Masoud. Ana hasira na mimi. Alikunja uso kama nilivyoshauri, askari wakamsimamisha kumuuliza amekasirikia nini. Kutoka bandarini mpaka Magomeni wamekwenda kwa miguu, kwa sababu nilisema ni karibu. Kwenye simu ni karibu! Kwenye ramani ni upana wa kidole. Halua imeyeyuka, imeingia kwenye viatu vya Samiha. Bi Mwanapili amempa Samiha viatu vyake.

Hapo nilikuwa nataka kukata simu. Akaendelea. Talib amefika baada yao, usiku, kavaa miwani, na salamu zake za kujiletea mwenyewe. Akakuta kitanda kina Mzee Haroub (hospitali wamemsogeza mbele), kochi lina Masoud, chumba cha ndani amo Samiha. Bi Mwanapili kamwambia ana wageni wake wa heshima, na kama hana pa kulala kuna gesti mtaa wa pili. Gesti! Talib kalala gesti! Nimecheka mpaka mama akatoka na mwiko kuangalia kuna nini.

Samiha naye akachukua simu. Alinong'ona. Anasema kanga Bi Mwanapili kaipokea kwa mikono miwili, akainusa ule udi, akaingia nayo chumbani na kukaa humo muda. Akatoka ametulia sana. Mambo yameiva, anasema Samiha. Nami naona hivyo.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeitwa na Mzee Silima!

Nimevaa kanzu ya Idi. Nimekaribishwa ndani, si barazani. Kahawa ya kwanza nimepewa mimi kabla yake. Akasema dada yake amempigia, na dada yake si mtu wa kupigapiga simu. Akasema amefurahi, hakutegemea, lakini mambo ya kheri hayategemewi. Akaniuliza nitapenda kuishi hapa au kuhamia upande wa Dar. Nikamwambia popote atakapopenda mwenyewe. Akanishika mkono akautikisa sana.

Kisha akasema umri si kitu, akanitajia Mtume na Bi Khadija, Allah amridhie. Nikaitikia amin. Ruweida ana miaka ishirini na sita, mimi thelathini na moja, sikuona umri umeingilia wapi. Na wakati wa kuagana ameniita shemegi. Mara mbili. Uzee huo, masikini. Mkwe ndilo neno, lakini mtu mzima husahihishwi siku ya furaha.

Ruweida ndiye aliyeleta kahawa. Kikombe changu alikitua kwa nguvu, ikamwagika. Haya za msichana. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatano, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Talib amerudi. Asubuhi ameandika katika kundi la kijiji, kwa herufi kubwa: HONGERA KAKA YETU SAFARI KWA POSA YAKO KWA BI MWANAPILI, MOLA AWAPE MASIKILIZANO. Chini yake akaeleza kwamba bibi arusi ameshampelekea fundi kitambaa, na mtu wa hina kaambiwa akae tayari.

Nimesoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa, na nilikalia chaja za watu.

Mama kanikuta hivyo. Akanitaka nieleze tangu mwanzo. Pweza, akasema sawa. Halua, sawa. Nilipofika kwenye udi na kanga akaweka chini ungo aliokuwa ameushika. Akasema kwa upole, kitu ambacho mama hakifanyi: Safari, umempelekea mwanamke mjane kanga na udi. Kwa mkono wa mzee wa msikitini na mke wa mtu. Wakusifu, waseme huna mke, jina la mwengine wasitaje. Weye ulidhani hiyo ni nini, yakhe? Nikasema nilidhani ni matangazo.

Mama kajifunika uso kwa kanga yake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikujua analia au vipi, wala sikutaka kujua.

Sasa yote yananijia. Tangawizi. Bi Khadija. Shemegi! Mzee Silima alikuwa mzima wa akili kuliko mimi.

Adhuhuri simu ikalia. Ujumbe wa Ruweida. Maneno mawili: Shikamoo, baba.

Nimeutazama mpaka skrini ikazimika. Nimjibu nini? Marahaba?

Alhamisi, 15 Agosti

Bi Mwanapili anakuja. Jumapili, kwa boti, anamrudisha na Mzee Haroub. Anataka kujibu posa mwenyewe, nyumbani kwa kaka yake, mbele ya watu wake.

Nisitaharuki. Kichwa kilichoniingiza kitanitoa. Mpango wa kwanza: nisifiwe kinyume. Nimempigia Samiha, bado yuko Magomeni, nikamwomba amwambie nakoroma, nina hasira, nina deni, na tangawizi siipendi. Amekataa. Anasema amekula chakula cha mwanamke yule wiki nzima na miguuni amevaa viatu vyake. Mara ya kwanza alinisemea kwa kutojua. Mara ya pili atakuwa anajua. Kisha akasema siku hizi Bi Mwanapili anaimba akiosha mchele.

Bora angenyamaza. Nimekaa na hilo la mchele siku nzima. Mimi si mtu mbaya. Nilitaka kujulikana tu.

Mpango wa pili: Micheweni. Nina rafiki kule analima mwani. Nikae kwake, nimsaidie kufunga kamba, mpaka shangazi arudi Dar. Mwani unalimwa maji ya magotini, magoti nayaweza. Nimeshafunga begi.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya swala Ruweida alikuja kibandani. Kasimama nje, kidirishani, kama mteja, simu mkononi. Watu walikuwa wanapita, kwa hiyo alizungumza huku anaitazama simu.

Alisema shangazi yake amefiwa na mume miaka mingi. Kalea watoto wa watu wote, yeye Ruweida akiwemo, likizo baada ya likizo. Watu wa Pemba wanamkumbuka wanapotaka pa kulala. Hakuna anayempelekea hata embe kwa sababu ya yeye mwenyewe. Na mimi nimemjazia watu wa kulala, juu yake nikaweka kanga.

Nikasema nisamehe. Akasema si yeye wa kumwomba.

Akasema niende Mkoani Jumapili. Nimwambie pale pale akishuka, kabla hajafika nyumbani, kabla majirani hawajapiga vigelegele. Kwa kinywa changu. Maneno yake ya mwisho nayaandika kama yalivyo: Usimtume mtu, Safari. Ukimtuma mtu, miye hapa sileti simu tena.

Akatia simu mkobani akaenda. Nimefungua begi, nimerudisha nguo kabatini. Nina hofu ya kweli.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda Mkoani na Talib. Kanipa lifti kwenye bodaboda, bila kuiomba, na hakunicheka. Hapo nimejua hali yangu ilivyo. Njiani akaniambia shangazi hakumuuliza neno hata moja. Alimjazisha mapipa ya maji, akamshukuru, basi. Hakuulizwa hata chai anaipendaje.

Bandarini maji yalikuwa yanachezacheza chini ya gati, nikatazama juu. Boti ikaja. Mzee Haroub akashuka na jicho limefungwa bandeji, ameshikwa mkono na mwanamke mrefu, mnene kiasi, uso mkunjufu. Mabegani ana kanga nyekundu. Alinijua kabla sijasogea. Akasema, weye ndiye Safari? Mbona mtoto!

Nilikuwa na maneno yangu mazuri, nimeyapanga tangu Ijumaa. Hayakubaki. Nikasema kwa pumzi moja: Bi Mwanapili, nilikuletea watu walale kwako wanisifu, ili unikubali nimuoe Ruweida. Kanga sikujua maana yake. Kosa langu mie, si lao. Nisamehe.

Akakaa juu ya begi lake, pale pale katikati ya wachukuzi. Mzee Haroub akauliza kumesemwa nini, hakuna aliyemwambia. Kisha Bi Mwanapili akaomba maji. Nikakimbia kuyatafuta. Niliporudi alikuwa ameivua ile kanga mabegani anaikunja, taratibu, ncha kwa ncha, kama mtu aliye nyumbani kwake na hana haraka. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Ningeambiwa nipande boti niende na kurudi, ningekubali.

Akanywa maji. Akauliza nani alimkausha yule pweza. Nikasema mimi. Akasema ilionekana, alikuwa na mchanga. Hapo akacheka. Alicheka sana, mpaka wachukuzi wakacheka na wao bila kujua wanachekea nini, na mwisho akajifuta macho, akajifuta kwa muda mrefu zaidi ya kicheko kilivyohitaji.

Akasema alikuja kunikataa. Alitaka anikatae kwa heshima, uso kwa uso, kwa kuwa ameulizwa kwa heshima. Sijui kama ni kweli. Sikuuliza, wala sitauliza.

Kanga, akasema, hairudishi. Nikamwambia ni yake. Kisha akauliza, na Ruweida mwenyewe anasemaje? Nikakiri kwamba sijui. Sikuwahi kumuuliza. Bi Mwanapili akanitazama kama mtu anayetazama mtumbwi unaovuja, akasema basi hilo atauliza yeye.

Jumanne, 20 Agosti

Ruweida amekubali!

Amekubali! Mzee Silima kaniita, safari hii barazani, kahawa nimepewa ya mwisho. Hajui aniite nani tena, ananiita wewe. Bi Mwanapili ndiye aliyezungumza. Kasema ameridhika. Anasema mtu aliyeweza kusimama gatini akasema yale, mbele ya wachukuzi na mbele ya Talib, huyo akifundishwa atafundishika. Ana sharti moja: nikaha iwe Dar, nyumbani kwake, mwezi ujao. Miaka yote watu wanakuja kwake kwa shida zao. Mara hii anataka waje kwa furaha, na furaha iwe ya nyumba yake. Watu wote wakasema inshallah. Na mimi nikasema.

Jioni Ruweida alileta simu kuchaji. Ilikuwa imejaa. Akasema alichokipenda si kanga wala sifa. Alichokipenda ni kwamba nilikwenda mwenyewe. Nikaichomeka simu hivyo hivyo. Nina furaha mpaka naogopa kuigusa.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku mbili sijala vizuri. Nikaha Dar. Dar ni boti. Mbona hakuna aliyelifikiria hili? Nimejaribu kumfikiria Ruweida amevaa nguo yake, nami nimelala sakafuni rangi ya chokaa, mama ameshika ndoo.

Lakini leo, alhamdulillahi! Asubuhi nilimuuliza Shehe pale msikitini, kwa ajili ya elimu tu, kama bwana arusi ni lazima awepo mwenyewe kwenye nikaha. Akasema kuwepo ni bora, lakini sheria inamruhusu kumweka wakili akapokea kwa niaba yake. Wakili! Nilitaka kumbusu. Dini hii imefikiria kila kitu.

Wakili nimeshampata. Mtu anayeijua Dar, anayeijua nyumba, asiyetapika. Talib. Si mtu mbaya kama nilivyokuwa nikifikiri, nimemjua vizuri ile siku ya Mkoani. Amekubali kabla sijamaliza kusema. Hakutaka hata nimlipie nauli. Leo leo amekwenda kwa fundi kupimwa kanzu, na nimesikia amemwambia fundi asibane kitambaa. Mtu anaposimama kwa niaba yako lazima apendeze.

Gharama za mtu mmoja zimepungua, nikaha itafungwa kama kawaida, na mimi nitawapokea Mkoani wakirudi, miguu ikiwa juu ya nchi kavu. Sioni kasoro yoyote.

Ruweida sijamwambia. Kesho nitamtuma mtu.